Somo la Wakatekumeni: Fumbo na Ufumbuzi Wake

Jioni, moto ukiisha kuwashwa, mtoto mmoja husema: «Kitendawili!» Wenzake huitika: «Tega!» Naye hutega: «Nyumba yangu haina mlango.» Mmoja hujibu: kaburi. Mwingine hujibu: yai. Kila mtu ajua ya kuwa jibu la haki ni yai. Lakini ni wachache wawezao kueleza kwa nini kaburi limekataliwa, maana kaburi nalo halina mlango. Sababu yake ni hii: aliyetega alisema «nyumba», na nyumba hukaliwa na mwenye uhai. Ndani ya yai kuna kifaranga. Ndani ya kaburi hakuna aishiye. Jibu la kaburi huchukua maneno mawili na kuliacha la tatu bila kazi. Jibu la yai hulipa kila neno kazi yake. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kufumbua fumbo lolote, na mkatekumeni aishike vema, kwa maana itatumika mpaka mwisho wa somo hili.

Neno «fumbo» latoka katika «kufumba». Mtu hufumba macho, hufumba kiganja, hufumba kinywa. Fumbo ni jambo lililofumbwa, na kulifungua ni kulifumbua. Lakini katika mafundisho ya dini neno lilo hilo hutumika kwa mambo makuu: fumbo la Utatu Mtakatifu, fumbo la Mwana wa Mungu kujifanya mtu, mafumbo ya Rozari. Basi mkatekumeni asikiapo neno moja kwa mambo mawili, aweza kudhani ya kuwa imani ni kitendawili kirefu, na ya kuwa padri na katekista wanalijua jibu lakini wanalificha hata siku ya ubatizo. Wako wanaodhani hivyo wala hawasemi. Wengine wamechoka kungoja, wakaacha mafundisho, wakaenda kwa watu wanaoahidi kuwafunulia siri kwa haraka. Kwa hiyo inafaa kutazama kwanza mafumbo ya maneno, yale yaliyomo katika Maandiko Matakatifu na katika desturi za Wakristu wa kwanza, ili ijulikane fumbo la namna hiyo ni kitu gani. Ndipo litazamwe lile neno kubwa.

Kitendawili cha Samsoni

Kitabu cha Waamuzi, sura ya 14, chasimulia arusi ya Samsoni katika Timna. Alipokuwa akienda huko aliua mwanasimba njiani, na baada ya siku kadhaa akauona mzoga wake umeingiwa na nyuki, akala asali yake. Jambo hilo hakumwambia mtu, hata baba yake na mama yake. Penye arusi aliwategea vijana 30 wa Wafilisti kitendawili juu ya chakula kilichopatikana kwa mlaji na utamu uliopatikana kwa mwenye nguvu. Wakifumbua katika siku 7 za karamu, atawapa nguo 30 za kitani na mavazi 30. Wakishindwa, watampa yeye kiasi kile kile.

Vijana walishindwa. Ndipo walipomtisha bibi arusi ya kuwa watamchoma moto yeye na nyumba ya baba yake asipowapatia jibu. Mwanamke akalia mbele ya mumewe, mumewe akamwambia, naye akawaambia watu wake. Samsoni alikwenda Ashkeloni, akaua watu 30, akalipa deni kwa nguo zao. Sura ya 15 yaeleza ya kuwa yule mwanamke na baba yake walichomwa moto vilevile mwisho wake.

Mtu aweza kuusifu ujanja wa kitendawili hiki, lakini kwa kweli kilikuwa na ubaya. Jibu lake halikuwa mbele ya macho ya wasikilizaji. Yai watu wote wamekwisha kuliona. Asali katika mzoga ule aliiona Samsoni peke yake. Hata mwenye akili nyingi asingeweza kufika huko kwa kufikiri tu, na ndiyo sababu waliotegewa waligeukia vitisho. Anayetega kwa haki huweka njia ndani ya maneno yake mwenyewe. Asiyeiweka amewafungia watu mlango na kuutupa ufunguo.

Maneno katika ukuta wa mfalme Baltasari

Fumbo kubwa kuliko yote ya Agano la Kale lilifumbuliwa na nabii Danieli. Habari imo katika sura ya 5 ya kitabu chake. Mfalme Baltasari wa Babiloni aliwafanyia wakubwa wake elfu moja karamu. Alipokuwa amelewa aliagiza viletwe vyombo vya dhahabu na fedha vilivyotekwa katika hekalu la Yeruzalemu, wakanywea pombe yao humo, yeye na wake zake, huku wakiisifu miungu ya madini, ya mti na ya mawe. Mara vikaonekana vidole vya mkono wa mtu vikiandika juu ya chokaa ya ukuta, karibu na taa. Uso wa mfalme ukageuka, magoti yake yakagongana. Aliahidi nguo ya rangi ya zambarau, mkufu wa dhahabu, na cheo cha mtu wa tatu katika ufalme kwa yeyote atakayesoma. Wenye hekima wote wa Babiloni walishindwa.

Maneno yalikuwa haya: mene, mene, tekel, ufarsin. Katika Biblia ya Kilatini yameandikwa kwa ufupi: mane, thecel, phares. Ili kuelewa ugumu wake, yafaa kwanza kujua namna watu wale walivyoandika. Kiaramu, kama Kiebrania, kiliandikwa kwa konsonanti, na msomaji aliongeza mwenyewe sauti za a, e, i, o, u. Mtu ajaribu jambo hilo kwa Kiswahili. Aandike K na T tu. Atasoma nini? Labda kata, labda kuta, labda keti, labda kiti. Herufi ni zile zile. Maana ni nyingi.

Sasa maneno ya ukutani yana maana tatu, moja juu ya nyingine.

Ya juu kabisa ni majina ya mizani. Mtaalamu mmoja wa Ufaransa, Charles Clermont-Ganneau, alionyesha mwaka 1886 ya kuwa mene ni mina, tekel ni shekeli, na peres ni nusu ya mina. Herufi «u» mwanzoni mwa «ufarsin» ni «na». Mina ya Babiloni ilikuwa na shekeli 60. Kwa hiyo aliyeyatazama kwa macho tu aliona hesabu ya soko, kama leo mtu angeona ukutani: kilo, kilo, gramu, na nusu kilo. Mtu atasema nini juu ya hayo mbele ya mfalme anayetetemeka? Inawezekana kabisa ya kuwa wenye hekima walijua kila neno peke yake na bado hawakupata la kusema.

Chini ya majina kuna vitendo. Mzizi wa mina ni kuhesabu; mzizi wa shekeli ni kupima uzito; mzizi wa peres ni kugawanya. Danieli alisoma hivyo: Mungu amezihesabu siku za ufalme na kuzikomesha, mfalme amewekwa katika mizani akaonekana hana uzito, ufalme wake umegawanywa.

Na chini kabisa kuna jina la watu. P, R, S ni herufi za kugawanya, tena ni herufi za jina la Waajemi. Neno moja lasema jambo litakalotendeka na kumtaja atakayelitenda. Mwaka 539 kabla ya Kristu Babiloni ulitwaliwa na Koreshi, mfalme wa Waajemi.

Kanuni ya yai yatimia hapa: hakuna neno lililobaki bila kazi. Hata ile ahadi ya mfalme ina fumbo dogo ndani yake. Kwa nini cheo cha tatu wala si cha pili? Vibao vya udongo vya Babiloni, vilivyosomwa na wataalamu tangu karne ya 19, vyaonyesha ya kuwa Baltasari alikuwa mwana wa mfalme Nabonido, naye alitawala mjini badala ya baba yake aliyekuwa mbali kwa miaka mingi. Baba alikuwa wa kwanza, mwana wa pili. Wengi husema ndiyo sababu hakuwa na nafasi ya kutoa iliyo juu kuliko ya tatu.

Walimu wa Wayahudi wa zamani walijiuliza pia kwa nini wale wenye hekima hawakuweza hata kusoma. Mmoja alisema herufi ziliandikwa kwa kubadilishana. Mwingine alisema ziliandikwa kutoka juu kwenda chini. Mchoraji Rembrandt wa Uholanzi alifuata neno la huyu wa pili alipochora karamu hiyo, karibu na mwaka 1635. Picha yake imo London, nayo yaonyesha herufi zikishuka kama mvua; ila moja aliikosea.

Jambo moja mara nyingi husahauliwa na wasomaji wa sura hiyo. Danieli hakuanza na maneno ya ukutani. Alianza kwa kuzikataa zawadi, akamkumbusha mfalme habari za Nabukodonosori aliyenyenyekezwa kwa ajili ya kiburi chake, akavionyesha vile vyombo vya hekalu vilivyokuwa mezani mbele ya watu wote, ndipo aliposoma. Ufunguo wa fumbo haukuwa ukutani. Ulikuwa mezani, na kila mgeni alikuwa ameushika mkononi akinywea. Wenye hekima hawakuutazama, kwa sababu kuutazama kulikuwa kumhukumu mfalme mbele ya wakubwa elfu moja, wakati ambapo angeweza kumwua aliyesema. Danieli alisema.

Herufi zinazogeuka

Nabii Yeremia naye ana fumbo, lakini la namna nyingine. Katika sura ya 25 na ya 51 ataja mfalme wa Sheshaki, nchi isiyojulikana na mtu ye yote. Mtakatifu Yeronimo, aliyejifunza Kiebrania kwa Wayahudi wenyewe, aliueleza ufumbuzi wake katika maandiko yake juu ya Yeremia. Alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22. Ya kwanza hubadilishwa na ya mwisho, ya pili na ile iliyotangulia ya mwisho, na kuendelea hivyo mpaka katikati. B, iliyo ya pili, huwa SH. L huwa K. Babeli ina B, B, L. Ikigeuzwa huwa SH, SH, K: Sheshaki.

Wengine husema nabii aliogopa kumtaja mwenye nguvu. Huenda. Lakini katika sura ya 51, katika aya ile ile yenye Sheshaki, Babeli imeandikwa waziwazi. Si kila fumbo limewekwa ili kuficha. Jingine limewekwa ili msomaji asimame, atazame mara ya pili.

Namna hizo za kucheza na herufi ni nyingi katika Maandiko. Zaburi ya 118 kwa hesabu ya Kilatini (119 kwa Kiebrania) ina aya 176: kila herufi moja kati ya 22 ina aya 8 zinazoanza nayo. Vivyo hivyo nyimbo nne za kwanza za Maombolezo hufuata alfabeti. Tafsiri karibu zote huipoteza sura hiyo. Padri Ronald Knox wa Uingereza (1888–1957), aliyependa mno mafumbo na kuchapisha mwaka 1924 kitabu cha mafumbo ya herufi za mwanzo, alipotafsiri Biblia nzima kwa Kiingereza alijitaabisha kuirudisha alfabeti hiyo mahali pake. Katika nchi yake magazeti huchapa mpaka leo mchezo wa maneno yanayokatana katika vyumba vya mraba, na kila neno hupewa kidokezo chenye fumbo. Waandishi wema wa mchezo huo hushika sheria inayofanana na ile ya yai: kidokezo kitoe maana ya neno, kieleze pia jinsi herufi zake zilivyopatikana, wala kisiwe na neno la ziada.

Wakristu wa Ulaya walipenda hasa fumbo moja dogo la kugeuza. Jina Eva likisomwa kinyume huwa Ave, neno la kwanza la salamu ya Malaika kwa Bikira Maria katika Kilatini. Wimbo wa Ave Maris Stella, ambao ulikwisha kuandikwa katika karne ya 9, una mchezo huo ndani yake. Ni pambo zuri, na mafundisho yake ni ya kweli: kwa mwanamke mmoja maangamizi yaliingia, kwa mwanamke mwingine Mkombozi akaja. Lakini ni pambo tu. Malaika hakusema Kilatini, wala Eva katika Kiebrania haandikwi kwa herufi hizo. Mkatekumeni akiulizwa sababu ya kumheshimu Mama wa Mungu, asijibu «kwa kuwa Eva akigeuzwa huwa Ave». Atoe sababu ya Injili.

Alama ya samaki

Katika makaburi ya chini ya ardhi huko Roma Wakristu walichora samaki. Mpagani aliyepita aliona samaki, akaenda zake. Mkristu aliona ungamo la imani. Kwa Kigiriki samaki ni ikhthys, neno la herufi tano, na kila herufi yaanzisha neno jingine: Iesous, Khristos, Theou, Hyios, Soter. Kwa Kiswahili: Yezu, Kristu, wa Mungu, Mwana, Mkombozi. Mtu alinganishe na neno la Kiswahili «samaki»: herufi zake hazitoi kitu. Fumbo hili limezaliwa katika Kigiriki, na halihamishwi, huelezwa tu.

Maneno hayo matano si mchezo. Yezu ni jina la mtu aliyezaliwa Betlehemu. Kristu ni yule aliyepakwa mafuta, aliyengojwa na Waisraeli. Mwana wa Mungu ni lile ungamo lililowakasirisha wakubwa wa Wayahudi hata wakamhukumu. Mkombozi ni cheo ambacho wapagani walikuwa wakiwapa wafalme wao. Aliyesema maneno hayo matano mbele ya hakimu wa Roma katika siku za mateso aliweza kupoteza kichwa chake. Tertuliano wa Kartago, katika Afrika ya Kaskazini, aliandika karibu na mwaka 200 kitabu juu ya Ubatizo. Humo anawafananisha Wakristu na visamaki vinavyozaliwa majini kwa kumfuata Samaki wao, visivyoweza kuishi vikitoka katika maji hayo. Wavuvi wa ziwa Tanganyika wangemwelewa bila mwalimu.

Askofu mmoja wa Frigia, jina lake Aberki, alijitungia maneno ya kuandikwa juu ya kaburi lake mwishoni mwa karne ya 2. Anasema juu ya mchungaji mtakatifu, juu ya safari zake mpaka Roma na mpaka ng'ambo ya mto Eufrate, juu ya samaki mkubwa na safi aliyevuliwa na bikira safi, na ya kuwa imani iliwapa marafiki samaki huyo wamle pamoja na divai na mkate. Hataji Yezu, hataji Maria, hataji Ekaristi. Halafu anamwomba yule anayeyaelewa hayo amwombee. Vipande vya jiwe hilo vilionekana mwaka 1883, vikachukuliwa Roma, na sasa vinatunzwa Vatikano.

Hapo lipo fumbo la haki kuliko la Samsoni. Njia ilikuwamo ndani ya maneno, lakini iliijulikana na wale tu waliokuwa wameketi kwenye meza ile. Aberki hakuwategea wapita njia ili awashinde. Aliwaita ndugu zake watambuane naye hata baada ya kifo.

Hesabu inayotishia watu

Kuna fumbo moja la Agano Jipya ambalo limefanya hasara nyingi, nalo ni hesabu ya mnyama, 666, katika sura ya 13 ya Ufunuo. Mara kwa mara hupita vijijini mtu mwenye kitabu kidogo, akawaambia watu ya kuwa hesabu hiyo ni Papa, au ni serikali, au ni kadi fulani. Watu wakaogopa, wengine wakauza mbuzi wao wakingoja mwisho wa dunia.

Zamani Wayahudi na Wagiriki hawakuwa na tarakimu za peke yake. Kila herufi ilikuwa pia hesabu, kwa hiyo kila jina lilikuwa na jumla yake. Yohane awaambia wasomaji wake wahesabu; maana yake, wao waliweza. Jina la Nero Kaisari, aliyewatesa Wakristu wa Roma kuanzia mwaka 64, likiandikwa kwa herufi za Kiebrania katika umbo la Neron Kesar, lina hesabu hizi: 50, 200, 6, 50, kisha 100, 60, 200. Jumla ni 666. Vitabu vichache vya kale vina 616 badala yake, na hiyo ndiyo jumla inayobaki ikiwa Nero ataandikwa kwa namna ya Kilatini, bila ile N ya mwisho yenye thamani ya 50. Wataalamu wengi wa leo, Wakatoliki na wengine, wanakubali ufumbuzi huo, kwa maana waeleza hesabu zote mbili.

Mtakatifu Ireneo, askofu wa Lyon, aliandika juu ya hesabu hiyo karibu na mwaka 180. Alijaribu majina kadhaa, akaona ya kuwa majina mengi yaweza kupata jumla ile ile, akakataa kutangaza hata moja. Huyo alikuwa amemsikia Polikarpo, na Polikarpo alimjua Yohane. Kama mtu wa namna hiyo alifunga kinywa chake, yule mpita njia mwenye kitabu kidogo amepata wapi uhakika wake? Mkatekumeni amwulize hivyo, kwa adabu, na asiuze mbuzi.

Fumbo la imani

Sasa neno kubwa. Kitendawili kikifumbuliwa kimekwisha. Yai halitegwi mara mbili kwa mtu mmoja. Fumbo la imani si hivyo. Mtakatifu Paulo, katika barua kwa Waefeso na kwa Wakolosai, alitumia neno la Kigiriki mysterion kwa shauri la Mungu lililofichwa tangu zamani na ambalo sasa limefunuliwa katika Kristu. Limefunuliwa: wala haliko tena katika kiganja kilichofumbwa. Mtoto ateremkaye ziwani na kibuyu hurudi na maji ya kweli ya ziwa, yale yale wanayokunywa wazee. Lakini ziwa halikuingia kibuyuni. Mkatekumeni anapokiri ya kuwa Mungu ni mmoja katika Nafsi tatu, amepokea kweli nzima, wala padri hana kweli nyingine chumbani mwake. Ila hakuna hata mmoja, si padri wala askofu wala malaika, aliyemaliza kuielewa.

Lakini je, zamani Kanisa halikuwaficha wakatekumeni mambo? Kwa namna fulani, ndiyo, na neno hili lisemwe wazi. Katika karne ya 4 wakatekumeni walisikiliza masomo na mahubiri, kisha waliagwa kabla ya Ekaristi kuanza. Kanuni ya Imani na sala ya Baba Yetu walikabidhiwa siku chache tu kabla ya kubatizwa, wakazijifunza kwa moyo, wakazisema mbele ya askofu. Mtakatifu Sirili wa Yeruzalemu, aliyefundisha karibu na mwaka 350, aliwakataza wasiwasimulie watu wa nje waliyoyasikia. Na yale mafundisho juu ya Ubatizo, Kipaimara na Ekaristi yaliyotufikia kwa jina lake yalitolewa katika juma la Paska, baada ya watu kukwisha kubatizwa na kushiriki meza ya Bwana.

Mpangilio huo washangaza: kwanza kula, kisha kuelezwa. Mtakatifu Ambrosi huko Milano alifanya vivyo hivyo, akasema ya kuwa nuru ya mafumbo huingia vizuri zaidi kwa wale wasiotazamia. Katekista aliyewahi kumweleza mtoto utamu wa asali, kabla mtoto hajaionja, ajua ugumu wa kazi hiyo.

Hapa Afrika ya kati desturi ya kungoja ilirudishwa na Kardinali Lavigerie, aliyeunda shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868. Aliagiza ukatekumeni wa miaka minne, na wamisionari waliofika kando ya ziwa Tanganyika walilifuata agizo lake. Watu wengine walinung'unika wakidhani wananyimwa kitu. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1963, uliamuru ukatekumeni wa watu wazima wenye hatua zake urudishwe katika Kanisa lote. Na kitabu cha ibada zake, kilichotolewa Roma mwaka 1972, kina tena siku ya kukabidhi Kanuni ya Imani na siku ya kukabidhi Baba Yetu.

Anayekabidhiwa hafumbui kitu siku hiyo. Anapewa maneno, naye anaulizwa kama anayashika.

Maulizo kwa mkutano wa wakatekumeni

Kwa nini «kaburi» si jibu la kitendawili cha nyumba isiyo na mlango? Samsoni aliwakosea wageni wake katika jambo gani? Danieli alimwambia mfalme nini kabla ya kusoma maandishi ya ukutani, na kwa nini aliyatanguliza hayo? Wale walio wavuvi waeleze wenyewe: kisamaki kikitolewa majini hufa kwa sababu gani, na Tertuliano alitaka kusema nini?

Mwisho, zoezi. Herufi za Kiswahili ziandikwe katika mistari miwili, ya kwanza kutoka kushoto: A B C D E F G H I J K L, ya pili chini yake, ikirudi nyuma: Z Y W V U T S R P O N M. Kila herufi ibadilishwe na ile inayotazamana nayo, iwe juu au chini, kama Yeremia alivyofanya kwa Babeli. Neno la kufumbua ni BUAE. Atakayelipata asilipigie kelele. Amwambie katekista peke yake, ili wenzake nao wapate kulitafuta.